Picha Safi Kuliko Zote

Mama yangu amebakiwa na neno moja tu, nalo ni "bado". Kiharusi kilipompiga miezi miwili iliyopita, mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuza, na maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi, yakatoweka isipokuwa hilo. Ukimuuliza kama amekunywa chai, bado. Ukimuuliza kama anaumwa, bado. Akitaka dirisha lifungwe anakukazia macho na kusema "bado, bado, bado!" kwa ukali, na wewe unahangaika chumba kizima ukigusa kitu kimoja kimoja, mto, shuka, glasi, mpaka ubahatishe dirisha. Wageni wakija kumjulia hali wanauliza, "Mama, umeshapona?" Naye anajibu bado. Wao wanacheka. Mimi sicheki.

Huyu ni mwanamke aliyeweza kuanza kunigombeza nikitoka kuoga na kumaliza nikiwa nimeshafunga kamba za viatu, bila kurudia neno hata moja. Leo hii anataka maji na hawezi kuyaomba. Inauma, jamani. Inauma mpaka unataka kupiga kitu teke.

Kila Alhamisi anakuja mtaalamu wa matamshi kutoka hospitali, dada mpole mwenye begi lililojaa picha za vikombe na paka. Alhamisi moja, baada ya Mama kuitazama picha ya kikombe na kuiambia bado, yule dada alifunga begi akatuuliza kama kuna mahali Mama aliwahi kurekodiwa akiongea.

"Kuongea kwa kirefu," akasema. "Awe anaongea kama alivyozoea. Kuna wagonjwa wakisikia sauti yao wenyewe, ulimi unajaribu kuifuata. Siwaahidi kitu. Lakini nimeona ikisaidia, na kama tunajaribu, tujaribu mapema. Hata dakika tano zinatosha."

Dada yangu na mumewe wakageuka wakanitazama mimi.

Walikuwa na sababu. Mama alitumia simu ya vitufe, na alikata akishamaliza lake, wewe umemaliza hujamaliza. Ukimwelekezea simu ya kamera alijifunika mtandio usoni na kukuambia yeye si mnyama wa mbugani. Maisha yake yote alisimama mbele ya kamera na kuongea mara moja tu, siku ya harusi ya dada yangu. Alishika kipaza sauti dakika ishirini. Aliyekuwa nyuma ya kamera ni mimi. Na ile harusi iko kwenye diski, na diski yenyewe ni Nyekundu.

Sasa hapa lazima nieleze, ingawa nikieleza nakasirika upya.

Mimi ni fundi wa televisheni na deki, na wakati ule nilikuwa pia mpiga video wa harusi. Nilianza na kanda, zile kubwa za kurudisha nyuma. Zikaja sidii za picha, watu wakatupa kanda. Zikaja dividii, watu wakatupa sidii. Sikuwa na neno, kila ujio ulikuwa kazi kwangu. Halafu kukaja diski mbili kwa mpigo, kila moja ikidai picha yake ni safi kuliko dividii. Moja iliuzwa kwenye kasha jekundu, nyingine kwenye kasha la buluu. Ukubwa ule ule, tundu lile lile, ukizishika mkononi huoni tofauti. Lakini deki ya moja haisomi diski ya mwenzake. Makusudi! Wenye hii walitaka ile ife, na wenye ile walitaka hii ife, na sisi huku chini tukagawanyika kama mashabiki wa mpira. Mimi nilikuwa Nyekundu damu damu. Nyekundu ilitangulia kufika, deki yake ilikuwa nafuu, na mimi, kwa kuwa ni fundi, nilijipiga kifua kwamba najua ninachosema.

Shemeji, kipindi hicho ndiyo kwanza anamchumbia dada, alinunua Buluu. Tulibishana hata siku aliyokuja kujitambulisha nyumbani. Mama alitukatiza akasema kama tunagombania sahani, jikoni ziko nyingi, twende tukazioshe.

Sikuishia kubishana. Harusi zote nilizopiga nilizitia kwenye Nyekundu. Na kwa sababu kanda mpya za kamera zilikuwa zimeanza kuadimika, nikishatengeneza diski nilirekodi kazi nyingine juu ya kanda ile ile. Juu ya harusi ya dada nilirekodi mahafali ya chuo cha ushonaji. Mama yangu alifunikwa na wasichana arobaini wakipokea vyeti na kupeana mkono na mkuu wa chuo.

Mwaka wa pili haujaisha, wenye Nyekundu wakatangaza wameacha. Tangazo moja tu! Hawatengenezi deki tena, hawatengenezi diski tena, kwaherini. Shemeji alinipigia simu siku hiyo. Hakusalimia. Alicheka, akamaliza kucheka, akakata. Tangu siku hiyo ananiita Mzee Nyekundu, hata mbele ya wateja.

Na dada yangu, nisilisahau hili, hajawahi kuiona video ya harusi yake. Nilimkabidhi diski kwenye kasha zuri lenye utepe, lakini alikuwa ameolewa kwenye nyumba ya Buluu, na kuja kuiangalia kwangu kila mara tuliahirisha. Miaka yote ameitunza kwenye droo pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Basi Alhamisi ile ile niliingia stoo nikatoa deki yangu Nyekundu chini ya maboksi. Nilipofungua kifuniko ndipo nilipokumbuka. Ubao wake wa umeme niliung'oa mwenyewe mwaka juzi nikamwekea mteja kwenye dividii yake. Lenzi, lile jicho dogo linalosoma diski, lilikuwa limefanya ukungu kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. Nilijitukana kwa sauti. Mke wangu alichungulia akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na mpumbavu.

"Lete tujaribu kwenye Buluu," shemeji akasema kesho yake.

"Haisomi."

"Jaribu tu, bwana. Unapoteza nini?"

Tukajaribu. Ilibidi kwanza aondoe chombo cha maua na picha ya watoto juu ya deki, halafu afute vumbi kwa soksi. Deki iliivuta diski, ikanguruma, ikanguruma, halafu kwenye televisheni ikaandika: diski haitambuliki. Ikaitema. Nilimwona shemeji akitabasamu kidogo, mazoea tu. Halafu akakumbuka tunatafuta nini, akanywea.

"Hiyo Buluu yako yenyewe umeitumia lini mara ya mwisho?" nikamuuliza.

"Watoto wanaangalia kila kitu kwenye simu siku hizi."

"Ulishinda vita, shemeji. Hongera. Umepata stendi ya maua."

Kwa kweli sikuwa na haki ya kumsema, lakini hasira zikinipanda huwa natafuta aliye karibu.

Nikaanza kuzunguka. Mwenye duka la kompyuta aliigeuza diski mara mbili akaniambia kompyuta zake hazina kisomaji cha aina hiyo, na kwamba yeye mwenyewe anaiona kwa mara ya kwanza. Muuza vipuri aliniuliza kama namtania. Nilipomwambia simtanii, alimwita jirani yake wa duka la pili, "Njoo uone, kuna mtu anataka lenzi ya Nyekundu!" Wakacheka wote wawili mbele yangu. Mafundi wenzangu niliowapigia simu, kila mmoja alikuwa na hadithi ya jinsi alivyoitupa ya kwake. Mmoja aliitumia kuzuia mlango usijifunge. Siku nne zikaisha hivyo, na nyumbani Mama alikuwa ananiangalia nikiingia mikono mitupu na kuniambia bado. Najua hakukusudia. Lakini nilikuwa nakwenda kusimama uani mpaka nipoe.

Siku ya tano nilikuwa nanyoa ndevu kwenye kioo nikamkumbuka kinyozi.

Nilimuuzia deki Nyekundu mimi mwenyewe. Nilimwapia kwamba miaka ishirini ijayo dunia nzima itakuwa Nyekundu, na wateja wake watapanga foleni waangalie sinema wakisubiri kunyolewa. Alinunua deki, akanunua diski nne, na baada ya hapo hakupata ya tano. Tangu wakati huo nilikuwa napita barabara ya nyuma ili nisipite mbele ya duka lake. Nilikuwa nanyolewa mbali, na mtu anayeninyoa hajui kunyoa.

Niliingia na kukuta anamnyoa mteja. Aliniona kwenye kioo. Hakugeuka.

"Karibu, Mzee wa Miaka Ishirini," akasema.

"Habari za siku, kaka."

"Za siku zipi? Mimi nilidhani ulifariki. Nikasema, masikini, na mimi sikuletewa hata taarifa za msiba."

Mteja akacheka, kinyozi akamshika kichwa asitikisike. Nikasimama pale nikampa nafasi aseme yote. Alisema. Alisema kuhusu zile diski nne, jinsi wateja walivyozikariri mpaka wakawa wanatamka maneno ya waigizaji kabla ya waigizaji wenyewe. Alisema kuhusu mkewe, ambaye mpaka leo akikosea kitu anamwambia, "Angalau mimi sikununua Nyekundu." Nilivumilia. Alipommaliza mteja na kumpangusa shingo, nikamweleza habari za Mama.

Aliinama, akasogeza kapu la taulo chafu chini ya meza, na nyuma yake ikawa imekaa deki, nyeusi, na ule mstari mwekundu mbele.

"Mama yako alikuwa ananiletea wanao kunyolewa," akasema. "Alikuwa anasimama hapo ananielekeza. Mimi! Kinyozi! Chukua. Lakini inataka kubembelezwa, na mlango wake haufunguki bila kijiko."

Tuliijaribu pale pale. Mara tatu ilikataa diski. Mara ya nne ilisoma, jina la harusi likaja kwenye televisheni, nami nikaizima haraka. Lenzi ile ilikuwa inamalizikia, niliisikia kwa jinsi ilivyokuwa inahangaika kutafuta njia. Sikutaka pumzi zake za mwisho ziishie kwa kinyozi.

Alhamisi tukakaa sebuleni. Mama tulimweka kwenye kochi refu na mto chini ya mkono mbovu. Dada alikaa sakafuni karibu na televisheni, amevaa vizuri kama anakwenda harusini. Mtaalamu alivuta stuli. Shemeji alisimama na simu yake tayari ili arekodi kila kitu kutoka kwenye kioo cha televisheni, maana niliwaambia wazi kwamba deki hii ikilala, haijulikani kama itaamka tena. Mimi nilipiga magoti na kijiko changu.

Ilikataa mara sita. Dada alianza kuuma kucha. Mara ya saba ikasoma.

Nitasema jambo moja, na mtu asinibishie: picha ilikuwa safi. Miaka yote ile, na ilikuwa safi kuliko kitu chochote kilichowahi kuonekana kwenye televisheni hiyo. Dada aliweka mkono mdomoni. Alijiona akiingia ukumbini, alimwona shemeji akiwa mwembamba, na shemeji mwenyewe akasema "Loo!" Nikapeleka mbele mpaka kwenye hotuba. Meza kuu ikatokea, na pembeni ya Mama kile kiti kitupu kilichonikera siku nzima, na mkoba wake juu yake. Kiliniharibia picha kila nilipoelekeza kamera. Lakini diski ilikuwa nzuri kiasi kwamba ungeweza kuhesabu nyuzi za mkoba. Mama akasimama. Akapokea kipaza sauti. Akafungua mdomo.

Kikapigwa kinanda.

Nikaongeza sauti. Kinanda kikaongezeka. Halafu mwimbaji akaingia na mambo yake ya mapenzi, huku Mama yangu anaongea, anainua kidole, anacheka, anamgeukia dada, midomo inakwenda, na hakuna hata neno lake moja linalosikika.

"Sauti yake iko wapi?" dada akauliza.

Nilikuwa nimeshakumbuka. Jenereta lilikuwa linanguruma nje ya ukumbi siku ile, na mimi nilipokaa kuhariri nilitoa sauti yote nikalaza wimbo juu yake. Nilikuwa nafanya hivyo harusi zote. Hotuba zinachosha watu, nilikuwa nasema, mteja anataka picha safi na wimbo mzuri.

"Kaka. Nakuuliza. Sauti ya Mama iko wapi?"

"Niliitoa."

"Uliitoa ukaweka nini?"

"Unasikia mwenyewe."

"Kinanda!" Dada alisimama. "Umetoa Mama ukaweka kinanda! Miaka yote hii nimetunza kinanda kwenye droo! Na kanda?"

"Kanda nilirekodia mahafali."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuielezea. Shemeji alishusha simu akaizima, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utani. Ningependa aniite Mzee Nyekundu. Ningependa mtu anizabe kofi. Nilikuwa nimezunguka mji mzima, nimechekwa na wauza vipuri, nimetukanwa na kinyozi, nimewalaumu wenye Buluu na wenye Nyekundu na kiwanda na dunia, na aliyemnyamazisha Mama ni mimi, kwa mkono wangu, mchana kweupe, na nililipwa.

Nikanyoosha mkono kupunguza ule wimbo mpaka ukazimika kabisa.

"Ngojeni," mtaalamu akasema kwa sauti ya chini. "Mwangalieni."

Mama alikuwa ameinama mbele. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, na midomo yake, upande mmoja ukitangulia na mwingine ukichelewa, ilikuwa inakwenda pamoja na midomo ya yule Mama wa harusini. Haikutoka sauti. Ilikuwa inafuata tu. Kwenye kioo alimaliza kumwambia dada aliyokuwa anamwambia, halafu akageuka akaitazama kamera. Akanitazama mimi. Akashusha kiganja mara mbili, akasema kitu kifupi, akauchukua mkoba kwenye kile kiti akauweka chini, akakipigapiga kiti kwa mkono.

Nilikumbuka hapo pia. Nilikuwa nimempungia mkono kwamba mkoba unaharibu picha. Nilidhani ananitii. Nikamwonyesha kidole kwamba vizuri, subiri kidogo, nikaendelea na kazi.

"Bado," Mama akasema kwenye kochi. "Ba... Zi..."

Dada akageuka haraka kumtazama.

"Zi-ma," akasema. "Zima." Mkono wake mzima ukapiga kochi pembeni yake, pale pale palipokuwa patupu. "Zima. Uje."

Mtaalamu alinishika bega.

"Kile kiti kilikuwa chako," dada akasema. "Hukujua? Aliwakataza watu watatu wasikikalie. Aliniambia, 'Kaka yako akimaliza kupiga atakuja kula.' Ulikuja kuzima kamera watu wanakunja meza."

Nilitazama deki. Harusi ilikuwa imebakia nusu nzima: keki, zawadi, dada akicheza na shemeji, vitu ambavyo dada hajawahi kuviona na ambavyo havipo mahali pengine popote. Lenzi ilikuwa inalia ndani kwa ndani. Nikizima haisomi tena, nilijua hivyo kama ninavyojua kazi yangu. Nikawa tayari nimeinua kidole kumwambia Mama subiri kidogo, na kidole kile kile kikanirudishia aibu yote usoni. Nikamtazama dada. Alijifuta macho kwa kiganja akaniashiria kwa kichwa.

Nikazima.

Niliinuka na magoti yangu yakiuma, nikaenda kukaa pembeni ya Mama, upande wa mkono mzima. Alinishika mkono wa shati akaukunja ngumini mwake na hakuuachia. Mtaalamu alimuuliza maswali, akamwonyesha kikombe, akamwonyesha paka, na kwa vyote viwili Mama alisema bado. Lakini kila baada ya muda alinigeukia mimi akasema, "Uje."

"Nimekuja, Mama."

"Uje."

"Nimekuja."

Jioni shemeji alijaribu kuiwasha ile deki, mara kumi, mara kumi na tano, na kijiko. Haikusoma. Nilimsikia akiibembeleza, sikuinuka.